Kufuli Halikuizuia Simu

Inshirah alipoingia bibi harusi katika nyumba ya kina Saber, pale Mahalla, alikuta vitu viwili visivyoguswa ovyo: kabati la vyombo vya wageni, na simu. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali anayengoja kutolewa nje. Marehemu baba mkwe, Galal, aliiomba serikalini tangu ndevu zake nyeusi, akaipata zimekwisha kuwa nyeupe. Ndiyo maana mama mkwe, Hajati Tafida, aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Kwa Inshirah simu ile ilikuwa kitu kingine. Saber, mumewe, alikuwa Kuwait akibandika vigae kwenye majumba ya watu. Aliondoka mimba ya Yusra ikiwa changa, na mtoto alizaliwa baba yake akiwa juu ya ngazi ya nchi nyingine. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Mkonga wa simu aliupokea Hajati kwanza, akamweleza magoti yake yanavyomsumbua. Kisha akaupokea Nagat, dada yake Saber, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo na bado hajaolewa. Inshirah alikuwa wa mwisho, na alichobakiziwa kilikuwa kama ukoko wa chungu: kidogo, lakini kitamu. "Unakula?" Saber aliuliza. "Ninakula." "Mtoto?" "Ana masikio yako." Basi, laini ikakatika, naye akashinda na maneno hayo wiki nzima, akiyatafuna polepole.

Siku bili ilipoleta balaa, Nagat ndiye aliyekwenda kulipa ofisi ya simu. Alirudi akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. Hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama! Tumeliwa!"

Hajati alitoka jikoni na mwiko. "Tumeliwa na nani?"

"Na simu! Wanasema kuna mtu humu anapiga zile namba za sifuri-tisa-mia. Za zawadi, za nyota, sijui za upuuzi gani. Hela yake tungekula nyama mpaka sikukuu!"

Namba zile kila mtu alizijua. Kila jioni mwanamke mmoja mwenye tabasamu la kupigwa pasi alitokea kwenye televisheni, gari jeupe likizunguka nyuma yake, akawaita watu "wapigaji wapendwa" na kuwasihi wasikate, zamu yao inakaribia. Kila dakika ya kungoja ilikuwa na bei yake, lakini bei waliiandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Nimewauliza pale ofisini, labda mmekosea," Nagat aliendelea. "Yule bwana akanywa chai yake, akasema: simu zimetoka kwenye laini yenu, dada, mashine haisemi uongo. Sasa tuseme ukweli. Mimi nashinda kiwandani. Mama hata namba hazioni vizuri. Nani amebaki, paka?"

Inshirah alikuwa amesimama mlangoni na Yusra begani, mtoto mchanga bado, shingo haijakaza. "Wallahi sijagusa, wifi."

"Sijasema wewe. Nimeuliza kama ni paka."

Jengo lile lilikuwa na uwazi katikati, kuanzia chini hadi juu, wa kuingiza hewa na mwanga, na madirisha ya majiko yote yalitazamana humo. Ukikaanga vitunguu chini, wa juu anapiga chafya. Ukigombana, wote wanajua aliyeanza. Jioni ile ile akashuka Haji Bayumi wa ghorofa ya juu yao, fundi makochi mwenye tumbo na tasbihi, akajikalisha kama mtu wa nyumbani.

"Hajati, mimi si wa kuingilia," alisema, akiingilia. "Ila vijana wa siku hizi, mume akiwa safari, upweke huwatuma. Simu ifunge. Mimi nina kikufuli kidogo dukani, kinaingia kwenye tundu la namba ya kwanza. Chukua tu, jirani ni jirani."

"Mungu akuzidishie, Haji."

Kikufuli kikafungwa. Ufunguo Hajati akaubana kwa pini ndani ya nguo, karibu na moyo. Inshirah alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Kwao, kijijini karibu na Mansura, walimwita "jicho la nyumba", kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuku yupi anataga nje na mdogo wake yupi ana homa kabla mama yao hajajua. Usiku alimnyonyesha Yusra, akamnong'oneza: "Usijali, mama. Aliye safi hajifichi mvua."

Lakini mvua ilizidi. Bili ya pili ilipokuja, Yusra alikuwa amekwisha kujua kukaa na kupiga makofi, na bili yenyewe ilikuwa imenenepa kumshinda mtoto. Namba zile zile. Safari hii Nagat hakupiga kelele.

"Kufuli liko, ufunguo unao wewe mama," alisema. "Ila pale kiwandani wasichana wameniambia: mtu akijua kugongagonga kile kitufe cha kukatia simu, anapiga bila kuzungusha namba. Ni ufundi tu."

Hajati alimtazama mkaza mwana wake kwa muda mrefu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimkanda Inshirah mgongo siku za uzazi, na supu ya kuku alimpikia kwa mkono wake. Ndiyo sababu maneno yake yaliuma.

"Binti yangu, mimi sitapigana nawe. Ijumaa akipiga Saber nitamwambia kila kitu. Utarudi kwa baba yako, ukae huko mpaka mumeo arudi, aamue mwenyewe. Nyumba hii ina jina."

"Na mimi nina jina, Mama."

"Basi Mungu alioneshe."

Inshirah aliingia chumbani akakaa kitandani. Hakulia, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama, na Yusra akiona machozi alikuwa akilia naye hadi atapike. Kurudi kwa baba yake na mzigo wa nguo na mtoto, mume akiwa mbali, kijijini hakuna ambaye angeuliza sababu, wangeitunga wenyewe. Na Saber, kwenye kibanda cha simu huko Kuwait na watu wakimsukuma mgongoni, angesikia kwamba mkewe anazungumza mchana na wanaume wa namba za zawadi. Angeamini? Hilo ndilo lililomkata ini. Hakuwa na uhakika.

Kesho yake mchana, Hajati amelala, Nagat yuko zamu, Inshirah alikaa sebuleni kwenye ubaridi wa vigae akinyonyesha. Simu ikakohoa.

Haikuita. Ilikohoa tu: *ting*, kidogo, kama kijiko kilichogusa glasi. Kisha kimya. Kisha *ting, ting, ting*. Yusra aliacha ziwa akageuka kutazama. Si mara ya kwanza. Inshirah alikuwa amekwisha kuisikia simu ikifanya hivyo mchana mchana, na alipomwambia mama mkwe, Hajati alifukiza ubani, akaisomea. Lakini leo, kwa kuwa roho yake ilikuwa juu, alisikiliza kama anayemsikiliza mgonjwa. Vile vijikohozi vilikuja kwa mafungu, vikapumzika, vikaja tena. Ndivyo inavyofanya simu ya kuzungusha mtu anapopiga namba: gurudumu linarudi, linapumzika, linarudi. Kuna mtu alikuwa akipiga namba. Na kufuli lipo pale pale, limening'inia.

Akaunyanyua mkonga, taratibu, kama anayechukua yai chini ya kuku.

Muziki. Kisha sauti ya yule mwanamke wa televisheni: "Mpigaji mpendwa, usikate. Zamu yako inakaribia." Na chini ya muziki, mwanamume akipumua kwa nguvu na kunong'ona: "Yarabi, lile jeupe. Yarabi, lile jeupe."

Wakati huo muuza gesi akapita barabarani na mkokoteni wake, akigonga mitungi kwa spana kama kawaida yao. *Tang! Tang! Tang!* Inshirah aliusikia mlio huo kwa sikio la kushoto, kutoka dirishani. Akausikia pia kwa sikio la kulia, kutoka ndani ya simu.

Mtu yule hakuwa Kairo, wala hakuwa kwenye nyaya za mbali. Alikuwa hapa hapa.

"Mama!" Alikimbia na mtoto kwapani. "Mama, njoo usikilize, kuna mtu ndani ya simu!"

Hajati aliamka na ushungi upande. Alipoufikisha mkonga sikioni, muuza gesi alikuwa amekwisha pita na yule mtu amekata. Uliobaki ulikuwa mlio mtupu wa laini.

"Hakuna mtu hapa," alisema Hajati, sauti ikiwa imechoka. Akautazama mkonga, akamtazama Inshirah. "Kwa hiyo unaunyanyua hata simu ikiwa imefungwa. Nagat alisema kweli."

Kumbe alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Siku ile yote Hajati hakumsemesha. Hata chumvi aliiomba kwa Nagat.

Lakini jicho la nyumba lilikuwa limekwisha fumbuka. Alipokwenda kuanika nepi kwenye kamba za uwazi, alijiinamisha dirishani akatazama ukuta ambao alikuwa akiutazama kila siku bila kuuona. Waya wa simu yao ulitoka kwenye fremu ya dirisha la jikoni ukashuka chini kwenda kwenye sanduku la mlangoni. Sawa. Lakini kutoka kwenye fremu ile ile, umepakwa rangi juu ya rangi hadi ukafanana na ufa, ulitoka mwingine. Huo haukushuka. Ulipanda. Ulipita nyuma ya bomba la maji machafu, ukakata kona, ukaingia kwenye dirisha la ghorofa ya juu.

Kwa Haji Bayumi.

Inshirah alibana nepi kwa kibanio, akabana na midomo yake. Angekwenda kumwambia nani? Angesema waya, wangesema yeye ndiye aliyeuvuta. Angesema Haji Bayumi, mtu wa tasbihi aliyetoa kufuli lake bure! Hapana. Mwizi wa aina hii hasemewi. Anaachwa ajiseme.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi nyumba ile ilipika mahshi. Nagat alikuwa na mapumziko. Yeye na mama yake walikaa jikoni, sinia la wali mbichi wenye bizari katikati, wakikunja majani ya kabichi, dirisha wazi. Inshirah aliomba ruhusa amnyonyeshe mtoto sebuleni. Hakuna aliyemjibu, akaichukua kuwa ruhusa.

Akangoja. Yusra akashiba, akalala. Hata alipokaribia kukata tamaa, simu ikakohoa.

Aliiacha imalize. Akaunyanyua mkonga. Muziki, pumzi, "Yarabi, lile jeupe." Inshirah akafumba macho. Akavuta ile sauti ya mwanamke wa televisheni, ile lugha ya vitabuni iliyonyooshwa kama shuka la hospitali, na mdomo wake ukaenda wenyewe:

"Mpigaji mpendwa, hongera! Zamu yako imefika. Wewe ndiye mshindi wa gari!"

Upande wa pili kitu kilianguka, pengine glasi. "Mimi?"

"Wewe, mpendwa. Taja jina lako kamili na mahali unapokaa, tukuletee."

"Bayumi," ilinong'ona sauti.

"Hatukusikii, mpendwa. Laini ni mbovu. Paza sauti, la sivyo tunampa anayefuata."

"BAYUMI!" Sauti ilitoka kwenye simu, na ikatoka juu, na ikashuka kwa uwazi kama ndoo iliyokatika kamba. "BAYUMI ABDULMAQSUD! FUNDI MAKOCHI! MAHALLA, MTAA WA WAFUMAJI, NYUMBA YA MAREHEMU GALAL, GHOROFA YA TATU! JEUPE! NILETEENI JEUPE!"

Jikoni, majani ya kabichi yakasimama hewani.

"Ana nini huyo?" Nagat aliuliza.

"Mama," Inshirah aliita, "njoo. Safari hii hajakata."

Hajati alikuja na wali kwenye vidole. Inshirah akamwekea mkonga sikioni. Na Haji Bayumi, mtu wa watu, alikuwa bado akipiga kelele huko ndani: "Halo? Halo, binti yangu wa televisheni? Na funguo zake je?"

Uso wa Hajati Tafida ulipita rangi kadhaa. Kisha akasema, polepole, kwa ile sauti yake ya kuwafukuza wauza mboga wanaopunja:

"Mabruku, Haji. Gari lako liko hapa kwangu, ghorofa ya pili. Shuka ulichukue."

Kisha kwenye uwazi, dirisha moja likafunguka, na jingine. Mama wa ghorofa ya chini akauliza kwa sauti, "Haji ameshinda gari?" Wa juu kabisa akajibu, "Ameshinda la Tafida!" Na vicheko vikaanza kupanda na kushuka.

Inshirah alimshika mama mkwe kiwiko akampeleka dirishani, akamwonesha waya. "Huu, Mama. Unaotoka kwetu ukaenda kwake."

Hajati aliutazama. Akaugusa kwa kidole chenye wali. Halafu, mbele ya mkaza mwana na bintiye, akaketi kwenye kigoda.

"Huu ni wa Galal," alisema. "Ee Mola, nimesahauje? Pale juu alikaa Sitti Zakiya, mkunga. Hakuwa na simu. Watu walikuwa wakija usiku wa manane kumgongea, mara wasimpate, mara wachelewe. Galal akasema: waya ni waya, tumvutie, mwanamke mwenye uchungu asingoje serikali. Akauvuta kwa mkono wake. Watoto wangapi wa mtaa huu walikuja kwa waya huu! Sitti Zakiya alipohamia kwa mwanawe Iskandaria, nani aliyekumbuka kuukata?" Akamgeukia Inshirah, macho yamejaa. "Na mimi nikakufungia wewe kufuli."

Nagat alikuwa anatazama sakafu. Jani la kabichi lilikuwa bado mkononi mwake, amelifinya hadi likatoa maji.

Haji Bayumi alishuka. Alikuwa amevaa ndara mbili zisizofanana, na tasbihi ameisahau juu. Ngazini akina mama walikuwa wamekwisha jipanga kama wanaosubiri arusi.

"Hajati, naapa," alianza, "nilipopiga lipu niliukuta waya ukutani. Nikautia simu yangu kuukuu isiyo na kengele, nikasikia mlio wa laini. Mwezi ukapita, bili haikuja. Mwaka ukapita, haikuja. Nikajua ni laini ya yule mkunga, serikali imeisahau. Nikasema ni riziki."

"Serikali imesahau deni?" Hajati alisema. "Haji, serikali yetu hii?"

Ngazi nzima ikaangua kicheko.

"Nitalipa. Yote, za nyuma na za sasa. Nina kochi la mteja likimalizika—"

"Utalipa, hilo halina mjadala. Marehemu alivuta waya huu wanawake wazae salama, wewe ukaufanya wa kamari, kisha ukashuka hapa, ukanywa chai yangu, ukanifundisha malezi!"

Inshirah alikuwa nyuma ya wote, Yusra mkononi. Alisogea mbele. Watu wakampisha, na ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kumpisha.

"Ami Haji, hela ni yako na Mama," alisema. "Yangu mimi ni jambo jingine. Wewe ndiye uliyesema upweke unanituma. Kesho baada ya sala mume wangu atapiga. Utakuja, utaushika mkonga huu, utamwambia mwenyewe. Hutamtuma mtu."

"Binti yangu, mbele ya—"

"Mbele ya watu, Ami. Uliyasema mbele ya watu." Akageuka. "Na wewe, wifi, utafuata baada yake."

Nagat alinyanyua uso. "Nitafuata," alisema. Kisha, chini kwa chini: "Ile sauti umeitoa wapi, mwanaharamu wewe? Hata mimi ningetaja jina langu." Wakatazamana, na kicheko kikawashinda wote wawili, kicheko kibaya cha machozi, hadi Yusra akaamka akaanza kucheka naye bila kujua anachekea nini.

Ijumaa sebule ilijaa. Walikuja wa chini na wa juu, kila mmoja na kisingizio: huyu anarudisha ungo, yule anaomba ndimu. Haji Bayumi alikaa kwenye kochi ambalo mwenyewe alilitengeneza, akijifuta jasho. Simu ilipolia, mkono wa Hajati ulinyanyuka kwa mazoea. Akaurudisha mapajani.

"Mama Yusra," alisema. "Pokea."

Inshirah akapokea. "Saber? Usiseme kitu. Kuna watu wanataka kuongea nawe." Akampa Haji.

Haji Bayumi alisema. Alianza na dua, akaingia kwenye lipu, akajikwaa kwenye riziki, na mwisho, kwa kuwa macho yote ya jengo yalikuwa mdomoni mwake, akasema yale yenyewe: "Mkeo ni msafi, mwanangu. Niliyesema ovyo ni mimi, na aliyekuwa akipiga ni mimi." Nagat akafuata: "Kaka, nilimdhania mkeo. Nilikosa. Nitamfulia Yusra nepi mpaka urudi." Hajati akauchukua, akasema neno moja tu, "Nisamehe," hata haikujulikana anamwambia mwanawe au nani, kwa sababu alikuwa akimtazama Inshirah.

Mkonga ukarudi kwake. Kwa nyuma zilisikika sauti za wanaume wanaongoja zamu.

"Inshirah," alisema mwishowe, sauti nzito. "Ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa na Yusra."

"Na ukamfanya ataje hadi mtaa?"

"Mpaka ghorofa."

Kicheko cha Saber kilipasuka kwenye simu hivi kwamba hata waliokaa mbali walikisikia. Mama wa ghorofa ya chini hakuweza kuvumilia zaidi. Akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele. Wa juu akadaka, Nagat akadaka, na Hajati Tafida, ambaye alikuwa hajapiga kigelegele tangu kufiwa na Galal, akaweka kiganja mdomoni akatoa kimoja kirefu, kikavu, kilichokwenda hadi kwenye uwazi na kurudi.

Ndani ya simu, huko Kuwait, Inshirah alisikia mwanamume mmoja akimuuliza mumewe kwa lahaja ya Kisaidi, ya watu wa kusini mwa nchi yao: "Mabruku, Abu Yusra! Mkeo amezaa tena?"

"Hapana," Saber akamjibu, naye alikuwa akipiga kelele ili asikike. "Mke wangu ameshinda!"